Mbwa Mwenye Kizunguzungu Asihukumiwe Upesi

Katika nyumba nyingi za askari, mbwa ndiye mlinzi wa mama na watoto wakati baba yuko zamu ya usiku. Hutokea asubuhi moja mlinzi huyo akashindwa kusimama. Kichwa kimelalia upande mmoja, macho yanachezacheza huku na huku, naye huzunguka mahali pamoja, huanguka na kutapika. Majirani husema amelishwa sumu au amerogwa, na wengine hutaka auawe siku ile ile. Kumbe mara nyingi mbwa wa namna hiyo huweza kupona.

Ndani kabisa ya sikio mna mirija mitatu iliyopinda mfano wa nusu duara, nayo imejaa majimaji. Kichwa kigeukapo, majimaji hayo hutikisika, na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Habari za sikio la kulia zikipingana na za kushoto, mbwa huona dunia inazunguka ilhali ardhi imetulia.

Kwa mbwa wazee, ugonjwa huu huweza kuja ghafla bila sababu kujulikana. Saa 72 za mwanzo ndizo ngumu. Baada ya hapo wengi hupata nafuu, na katika wiki 2 au 3 hutembea vema, ingawa kichwa chaweza kubaki kimeinama kidogo.

Lakini ukirudi tena na tena, hapana budi kutafuta chanzo. Mara nyingi ni usaha uliojificha ndani ya sikio. Huweza pia kuwa udhaifu wa tezi ya shingoni au maradhi ya ubongo. Hata dawa huweza kuleta kizunguzungu: metronidazoli ikizidi kipimo, au gentamisini ikidondoshwa katika sikio ambalo ngoma yake imetoboka. Kwa hiyo sikio lisitiwe dawa yoyote kabla halijachunguzwa na daktari wa mifugo. Wala mbwa asipewe aibuprofeni ya binadamu, kwani kwake ni sumu.

Hadhari moja isisahauliwe. Kichaa cha mbwa nacho huweza kuanza kwa kuyumba. Mbwa asiyechanjwa, aliyeng'atwa na mnyama asiyejulikana, aliyegeuka tabia, au anayetokwa na mate akashindwa kumeza, asiguswe. Afungiwe peke yake, na bwana mifugo aarifiwe mara moja. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ikiwa daktari ameridhika kuwa si kichaa, kazi kubwa hubaki nyumbani. Mbwa alazwe penye utulivu, juu ya magunia yaliyokunjwa, mbali na ngazi na jiko. Sakafu ya saruji itandikwe jamvi au gunia ili miguu isiteleze. Usiku aachiwe taa iliyowekwa mbali naye, maana hutegemea macho kujua palipo juu na chini. Asiyeweza kuinuka ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda. Anapojaribu kutembea, kitambaa kipana kipitishwe chini ya tumbo, na mtu ashike ncha zake mbili.

Maji na chakula viwekwe karibu, kidogo kidogo, baada ya kutapika kukoma. Asimiminiwe maji kinywani akiwa amelala, asije akapaliwa. Watoto wafundishwe kumwita jina kabla ya kumkaribia, kwa kuwa mnyama mwenye hofu huweza kuuma hata rafiki.

Askari anajua faida ya kitabu cha zamu; mbwa huyu naye awe na daftari lake. Iandikwe tarehe ya kila shambulio, upande ambao kichwa kimeinamia, siku alizougua, harufu au usaha wa sikio, na dawa alizopewa karibuni. Shambulio likirejea, kurasa hizo zitamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Macho yakicheza juu na chini badala ya pembeni, miguu ikilegea, au mbwa akizimia, asingojewe siku tatu: apelekwe kwa daktari mara moja. Aliyepona naye asirudishwe ulinzini wala asiachwe karibu na mto au kisima mpaka atembee na kugeuka bila kuyumba.