Madereva wa Porini: Desturi za Watu wa Magari ya Safari Arusha

Ukitaka kujua kama msimu wa watalii umekaribia Arusha, pita kwenye gereji za Unga Limited na Njiro mwishoni mwa Mei. Utakuta Land Cruiser zimepandishwa juu ya magogo, matairi yamevuliwa, springi zimelazwa uani, na vijana wenye ovaroli zilizoganda grisi wamejilaza chini ya magari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Pembeni, juu ya benchi au tairi kuukuu, ameketi dereva. Hakuna aliyempa kazi pale, lakini haondoki. Gari linalofunguliwa ndilo atakalokwenda nalo Serengeti kuanzia Juni hadi Oktoba, na kwa desturi za watu hawa, asiyejua kilichofungwa ndani ya gari lake hajawa dereva.

Watu wenyewe ni mchanganyiko: Wachaga, Wameru, Waarusha, Wairaqw, Wapare, Wamaasai na wengine waliokuja mjini kutafuta maisha. Kinachowaunganisha ni kazi ya kuwapeleka wageni porini kwa gari na kulala nao huko katika mahema. Wamo madereva, ambao ndio pia waongoza watalii, wamo wapishi, wamo mafundi na saidia fundi wao. Mgeni hudhani kwamba safari yake imebebwa na gari imara. Ukikaa na watu hawa utaona kwamba uimara wa gari lenyewe umebebwa na desturi zao, na desturi hizo hazimo katika kitabu chochote cha kampuni.

Wazee wa kazi hii walijifunza kwa Land Rover. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, magari ya aina hiyo ndiyo yaliyokuwa yakipenya huko. Filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti iliyotoka mwaka 1959, na *Hatari!* ya mwaka 1962 iliyopigwa pande za Arusha, ziliwaonyesha watu wa mbali kwamba nchi hii hutembelewa kwa gari la wazi na vumbi jingi. Land Rover aina ya Defender ya umbo la kale iliacha kutengenezwa Januari 2016, lakini za zamani bado zinabeba abiria, magunia na mbuzi vijijini Loliondo na Simanjiro. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na mamia ya magari hayo yakajitokeza barabarani. Mahali pengine watu wangeshangaa. Arusha kila mmoja alikuwa na mjomba au jirani aliyewahi kuliendesha.

Leo anayetawala ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutoka mwaka 1984. Injini yake inayopendwa kuliko zote ni 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila tabo wala kompyuta. Haina mbio, na mlima wa kupanda kutoka Mto wa Mbu huupanda kwa kulalamika. Lakini dereva akiwa kilomita mia moja kutoka kwenye duka la vipuri, anataka injini ambayo ugonjwa wake unasikika kwa sikio na kutibika kwa spana. Hiyo ndiyo sababu ya heshima yake.

Gari la safari halishuki melini likiwa tayari. Huja kama pikapu, kisha mafundi wa Arusha hukata chasisi na kuirefusha, wakajenga bodi ya viti saba na paa linalonyanyuka ili wageni wasimame na kutazama wanyama. Wapo wenye viwanda vikubwa, kama Hanspaul, na wapo wanaochomelea uani kwa fundi mmoja na vijana wanne. Kazi ya kuchomelea chasisi ina heshima yake. Fundi ambaye kazi yake ilipasuka mbugani hutajwa kwa jina kijiweni kwa miaka, na mteja mpya huonywa kabla hajafika kwake. Baada ya bodi hufuata springi. Gari lililoongezwa urefu, likapakiwa watu, mahema, maji na chakula, haliwezi kukaa juu ya springi lilizozaliwa nazo. Huongezwa bamba moja au mawili nyuma, na shokapu ngumu zaidi. Hapo fundi na dereva hubishana daima. Fundi anataka gari lisikae chini. Dereva anataka migongo ya wageni ifike salama.

Kuhusu vifaa, madereva wakongwe hawana tamaa. Taa nyingi za mbele na mapambo ya kwenye kioo huachiwa wanaoanza kazi. Mkongwe hukagua vitu vichache: matairi mawili ya akiba, jeki mbili na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwa kuwa jeki juu ya udongo laini huzama yenyewe badala ya kunyanyua gari. Sepetu, panga, kamba ya kuvutia na pini zake. Mkanda wa feni, filta ya dizeli, hozi za rejeta, tyubu, viraka na pampu. Wengi bado wanapenda ringi za kufungua vipande viwili na matairi ya 7.50R16 yenye tyubu, maana pancha yake huzibwa kwa mikono chini ya mgunga bila mashine yoyote. Mbele ya rejeta hufungwa wavu mwembamba wakati nyasi zimekomaa, kwa sababu mbegu za nyasi huziba matundu na injini ikachemka. Kwenye keria hupanda mahema, magodoro na viti, vimefunikwa kwa turubai. Maji, mtungi wa gesi na chakula hukaa chini na katikati. Gari lenye mzigo mzito kichwani huyumba, na barabara ya kushuka Kreta ya Ngorongoro, yenye mteremko wa kama mita 600, haimsamehe anayeyumba.

Jioni ya kuamkia safari ina taratibu zake. Dereva hulizunguka gari peke yake, taratibu, akigusa nati za matairi, akichungulia chini kama kuna tone la oili, akivuta mkanda wa feni kwa kidole. Hufungua filta ya hewa na kuipuliza kutoka ndani kwenda nje. Kisha gari huoshwa, hata kama kesho yake mchana litakuwa jeupe kwa vumbi. Kumpokea mgeni kwa gari chafu ni aibu ya dereva, si ya kampuni. Wapo wanaosali kabla ya kuwasha injini, Mkristo kwa sala yake na Mwislamu kwa dua yake, na mpishi huitikia amina hata kama dini yake ni nyingine.

Lami huishia lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro, juu ya Karatu. Kuanzia hapo mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, barabara ina vituta vidogo vidogo vinavyofuatana bila kukoma, na hivyo ndivyo vinavyoua magari. Mtikisiko hulegeza kila kilichofungwa: bolti za keria, vishikizo vya betri, bomba la moshi, hata meno ya abiria. Bandu bandu huisha gogo. Ndiyo maana kila asubuhi kambini, wakati wageni wanakunywa chai, unasikia spana zikigonga chuma. Dereva anakaza upya alichokikaza jana. Mavumbi ya tambarare za kusini mwa Serengeti, yaliyotokana na majivu ya volkano, ni laini mno. Hupenya kwenye filta, kwenye breki na kwenye unga wa mpishi.

Sheria kuu ya njiani ni hii: humpiti mwenzako aliyekwama. Haijalishi kampuni yake ni ipi, haijalishi wageni wako wana haraka ya kuwahi ndege Seronera. Masika, udongo mweusi wa Ndutu ukishalowa, gari huzama mpaka ekseli, na hapo kamba hutolewa bila kuulizwa bei. Aliyevutwa hatoi fedha. Kutoa fedha ni kumtukana mwenzako. Atanunua soda siku wakikutana Mto wa Mbu, au atalipa deni kwa kumvuta mtu mwingine kabisa. Mkanda wa feni ukikatika, mwenye wa ziada hutoa, nawe utaurudisha mjini ukiwa mpya, ndani ya boksi lake. Dereva aliyepita bila kusimama habari zake hufika Arusha kabla yake. Hapigwi wala hashtakiwi. Siku akikwama yeye, watu watasimama pia, maana sheria ni sheria, lakini watashuka garini polepole sana.

Ipo pia adabu ya kutazama wanyama. Habari hupitishwa kwa redio kwa Kiswahili na kwa mafumbo, ili mgeni asijue kwamba chui ametajwa kisha akakosekana. Aliyefika kwanza hupewa nafasi nzuri, naye hapaswi kuishikilia mpaka jua lizame. Injini huzimwa. Hakuna kukata mbele ya gari la mwenzako, wala kuacha njia na kukanyaga majani pale kanuni za hifadhi zinapokataza. Kwenye vivuko vya nyumbu mto Mara adabu hii huvunjwa mara nyingi, na wazee huisema kwa uchungu kwamba bakshishi imewapofusha vijana.

Kambini dereva huegesha gari mdomo ukielekea njia, tayari kwa lolote la usiku. Kambi za umma kama Pimbi na Nguchiro hazina uzio. Fisi hupita kati ya mahema, na simba husikika karibu. Kwenye Kambi ya Simba, juu ya ukingo wa kreta, tembo hufika kunywa maji ya tangi. Kwa hiyo hakuna chakula kinachoachwa ndani ya hema, na hakuna anayekwenda chooni bila tochi ya kumulika macho yanayong'aa gizani. Kuni za porini hazikusanywi. Mpishi huja na gesi na mkaa wake. Tangu Juni 1, 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, hata vitunguu na viazi vimerudi kwenye vikapu na makopo.

Mpishi ndiye mwenye kambi. Dereva anaweza kuwa na umri mkubwa na Kiingereza kingi, lakini ndani ya jiko la kambi humwita mpishi "bosi" na husubiri apewe. Kwa majiko mawili ya gesi na sufuria zilizobonyea, mpishi atatoa supu, kuku, wali, na pengine keki iliyookwa kwa mkaa juu na chini. Wageni wakishakwenda kulala, ugali hupikwa, na hapo ndipo kijiwe huanza. Mchaga na Mpare hutaniana mpaka usiku wa manane. Katikati ya utani huo huo dereva mchanga husikia mambo ambayo chuo hakikumfundisha: kwamba ukivuka mto usioujua utangulie kwa miguu, kwamba baada ya maji marefu ufungue difu utazame oili, na ikiwa nyeupe kama maziwa ujue maji yameingia, kwamba kwenye mchanga hupunguzi mwendo bali upepo wa matairi.

Wakirudi mjini, bakshishi hugawanywa na mpishi hupata fungu lake. Gari hupelekwa kwa fundi pamoja na maelezo ya mdomo: linavuta kushoto, linalia likikata kona, gia ya tatu inaruka. Fundi mzuri husikiliza kwanza, hafungui. Uhusiano huo hudumu kuliko ajira. Dereva akihama kampuni, mara nyingi humshawishi bosi mpya apeleke gari kwa fundi yule yule. Na miezi ya Aprili na Mei, mvua inapofunga njia na malipo yanapopungua, ni fundi anayemkopesha dereva. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia wageni, wengi walirudi kulima Karatu, Meru na Rombo. Waliorudi kazini baadaye walikuta magari yao yakiwa yamewashwa mara kwa mara na mafundi wasiolipwa, ili betri na mipira visife.

Mambo yanabadilika. Land Cruiser mpya zinakuja na injini ya lita 2.8 inayoongozwa na kompyuta, na sikio la fundi pekee halitoshi tena. Magari yaliyogeuzwa kutumia umeme yameanza kuonekana Serengeti. Wanawake wameingia kwenye usukani, na wengine wao sasa wanawafundisha vijana wa kiume kubadili tairi. Hakuna ubaya katika haya yote. Ubaya utakuja iwapo kampuni zitadhani kwamba kompyuta imechukua nafasi ya dereva anayekaa gereji siku nzima, zikaacha kumlipa kwa muda huo.

Watanzania nao wameanza kwenda porini na familia zao kwa magari yao wenyewe, na hili ni jambo jema. Kwao nina ushauri mmoja. Kabla hujatoa fedha kwa hema la juu ya paa, winchi na safu ya taa, mlipe dereva mkongwe akakae nawe siku moja gereji, akuonyeshe gari lako kwa chini. Jifunze kukaza nati, kupuliza filta na kuziba pancha. Beba maji zaidi ya unavyodhani, na mzigo pungufu ya unavyotamani. Na ukimkuta mtu amekwama njiani, simama, hata kama humjui.