Ufundi Usio na Spana

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazitozi karo, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilivyoagiza. Sekondari ya ufundi haimo katika nafuu hiyo. Mzazi wa Lwiro, Katana au Kavumu, huko Kivu Kusini, anarudi kulipa minervali, yaani karo, mtoto wake akichagua umakanika, ujenzi au ushonaji, na bado kuna vifaa vya kununua. Ndiyo maana tukiulizwa kwa nini vijana wanaacha masomo haya, tunajibu haraka: umaskini. Ni kweli, lakini haitoshi. Tazama gereji za kando ya barabara. Kijana wa familia ileile maskini hukaa kwa fundi muda mrefu bila mshahara, pengine wazazi wamelipa ili apokelewe, na haondoki. Kila siku anashika spana, anaona injini iliyogoma ikiwaka. Mwenzake aliye darasani ananakili mchoro wa injini hiyo ubaoni, kwa Kifaransa kisichomkaa vizuri, na pengine hajafungua hata moja. Mwaka 1975 Mmarekani Vincent Tinto, akichunguza vyuo vya juu, alieleza kwamba mwanafunzi huondoka anapokosa kujiona sehemu ya masomo na ya watu wa chuo. Kwenye ufundi hali ni kali zaidi, maana kijana alikuja kutafuta kazi ya mikono, akapewa daftari.

Wapo watakaosema vita vimefunga mjadala wa kuzipa shule vifaa. Februari 2025 waasi wa M23 waliteka Kavumu, kisha mji wa Bukavu. Nani anunue mashine zije ziporwe? Hoja nzito hiyo, lakini inahusu karakana kubwa tu. Mwanafunzi anaweza kwenda siku mbili kwa wiki kwa fundi mwenye kazi, fundi akatia saini daftari lake, alama zikahesabiwa. Lwiro kwenyewe kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947 enzi za Wabelgiji, na majengo ya zamani kama hayo hayakosi kazi ya fundi bomba, seremala na fundi umeme. Kwamba fundi atamgeuza mtoto mfagiaji? Hutokea, hasa mwalimu asipofika kukagua. Ila gereji peke yake haitoi diploma, na shule peke yake haitoi fundi. Mkuu wa shule anayesubiri mfadhili wa karakana aanze muhula huu kwa kuzungumza na mafundi wa jirani.