Kundi la WhatsApp Si Maktaba

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, habari za maana hupita kwa CR, yule kiongozi wa darasa. Kipindi kimeahirishwa, muulize CR. Ukumbi umebadilishwa, CR anajua. Mhadhiri ametoa slaidi, CR anazimwaga kwenye kundi la WhatsApp na papo hapo darasa zima linazo kiganjani. Chuo hichohicho kina mfumo wake rasmi wa masomo, mara nyingi Moodle, na slaidi zilezile zimelala humo bila kuguswa tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Sisi tunaofundisha tuna kawaida ya kuuita huo uvivu. Mimi naona wanafunzi wamepiga hesabu zao sawasawa. WhatsApp imeshafunguka kwenye simu, bando dogo linaitosha, wala haidai nywila iliyosahaulika tangu siku ya usajili. Kozi nyingi kwenye Moodle zimepangwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, akimfikiria mwanafunzi naye amekaa mbele ya kompyuta. Hapo kuna kichekesho, kwa sababu Martin Dougiamas, mbunifu wa Moodle, alikulia jangwani Australia akisomeshwa kwa redio. Aliutoa mfumo huo mwaka 2002 na leo una programu ya simu: unapakua somo ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha unalisoma hosteli hata kama bando limekata. Wangapi kati yetu tumewahi kutumia dakika tano za kipindi kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo?

Kwa kufikisha ujumbe, basi, WhatsApp imeshinda. Kasoro yake ni kwamba kila kitu humo hupita. Faili la Jumatatu, ikifika Jumatano limezama chini ya pole, hongera, tangazo la godoro linalouzwa na wale watano wanaoandika “naomba hiyo PDF tena jamani”. Kuweka notisi humo ni sawa na kubandika ratiba ya mtihani ubavuni mwa daladala. Hadi mwaka 2022 kundi moja halikuruhusiwa kuzidi watu 256, kozi kubwa ikalazimika kugawanywa, na kilichosemwa kundi A mara nyingi hakikufika kundi B.

Kupotea kwa mafaili, hata hivyo, si ndilo linalonisumbua zaidi. Linalonisumbua ni ile raha ya kuwa na madesa, yaani vitini na slaidi za kusomea. Mwanafunzi akishapakua PDF kumi na mbili na kuzipitia macho mara tatu usiku wa kuamkia mtihani, anahisi anajua. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mhadhiri alifahamu. Wanafunzi wa kundi moja walipewa vipindi vinne vya kusoma matini fupi. Wenzao walisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu wakaandika yote wanayoyakumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojipima walikuwa na 61. Na ni hao waliosoma mara nne waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Kumbukumbu hukazwa na kule kuhangaika kulitafuta jibu kichwani. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu chombo chochote cha mtandaoni ni hili: kinamlazimisha mwanafunzi kutafuta jibu, au kinamletea?

Kundi la gumzo, likiachwa lilivyo, humletea. Tuseme mwalimu wa uhasibu ameuliza: Mama Asha amenunua mchele wa shilingi 800,000 kwa mkopo, akauza nusu yake kwa taslimu, onyesha debiti na krediti. Ndani ya dakika mbili yule kijana hodari wa darasa amejibu. Yanafuata madole gumba thelathini na “asante sana kaka”. Darasa lote lililobaki halikufikiri chochote, na mhadhiri analala akiamini mjadala ulichangamka.

Dawa yake ni kuyaficha majibu hadi kila mtu ajibu. Tangu mwaka 2020 Telegram ina kura za chemshabongo: unachagua jibu kwanza, kisha ndipo unaonyeshwa lililo sahihi. Moodle nayo ina majaribio yanayosahihishwa yenyewe na kuchanganya mpangilio wa maswali. Maswali matano kila Ijumaa, yakiwamo mawili ya mada ya mwezi uliopita, yana faida kuliko slaidi tisini. Asiye na simu janja apewe maswali hayohayo kwenye karatasi. Asiachwe nyuma kwa sababu bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, limechelewa.

Lipo pia jambo ambalo vyuo hulipita kimyakimya. Ukimwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp, kwa kawaida namba yake inaonekana kwa darasa zima, na msichana wa mwaka wa kwanza anaweza kuanza kupokea ujumbe usiku wa manane kutoka kwa mtu asiyemjua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo kundi lisiwe sharti la kusoma kozi, na mwanafunzi asiyetaka kuingia apate taarifa zote kupitia mfumo wa chuo.

Mhadhiri mwenzangu, slaidi na vitini vyako viweke Moodle, WhatsApp umpe CR kiungo tu. Kisha muda uliokuwa ukiupoteza kutuma mafaili yaleyale mara tatu, utunge maswali ya Ijumaa.