Siku ya kwanza Uswisi: mambo ya valizi



Tangu nilirudi kutoka safari ya Ulaya, kuko swali moja linarudia kila juma: "Ingénieur, siku ya kwanza ukifika Uswisi, nini inapita?" Wengi wanangojea niwaelezee baridi na milima. Ile itachukua mistari michache tu, huku chini. Kitu cha kujua mbele ya kupanda ndege ku Luano ni kingine: siku yako ya kwanza Uswisi inategemea sana vitu mama alikufungia ndani ya valizi. Na sisi wenye kusoma agronomia njo tunafaa kuelewa zaidi kuliko wasafiri wengine, juu ile meza ya duane ku uwanja wa ndege ni kozi yetu ya protection des végétaux, paka bila ubao na bila profesa.

Tuanze na pasipoti, kwa sababu ni hapo watu wanaogopa sana, na ni hapo mambo yanaisha mbio. Uswisi si memba wa Umoja wa Ulaya, lakini iko ndani ya Schengen tangu Desemba 2008. Viza ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya siku 180, si zaidi. Kuwa na viza hakumaanishi mlango umefunguka: ofisa anaweza kukuuliza barua ya mwaliko, mahali utalala, tiketi ya kurudi, bima ya afya ya safari yenye kufikisha euro 30.000, na pesa za kuishi. Makaratasi yale yote uyabebe mkononi, usiyaweke ndani ya valizi kubwa. Tangu Oktoba 2025 wameanza pia mfumo mpya wa kuandikisha wageni kwa kompyuta, wanakupiga picha ya uso, kwa hiyo mstari unaweza kuwa mrefu. Jibu kwa Kifaransa kifupi na cha kweli. Basi.

Hapa kuko jambo ambalo wengi hawalijui. Ukipitia Bruxelles ao Paris, pasipoti yako inaangaliwa kule, na ukifika Genève hakuna mtu wa kukuuliza viza tena. Unafikiri umemaliza. Hapana. Kwa mambo ya bidhaa Uswisi inabakia inchi ya pembeni, yenye duane yake. Kwa hiyo hata kama ulipita bila kuulizwa neno, valizi yako ingali na mtihani.

Ukichukua mizigo, mbele yako kuko njia mbili. Ya kijani ni ya mtu asiye na kitu cha kutangaza. Nyekundu ni ya mwenye kitu. Watu wetu wengi wanashika kijani, juu wanaona nyekundu ni kama kujitia mikononi. Siku yangu, kulikuwa mama mmoja wa heshima mbele yangu, wa ndege ileile kutoka Addis-Abeba. Alisimamishwa ndani ya kijani. Walifungua: maembe kama kumi na tano, pilipili mbichi, majani ya sombe yaliyofungwa ndani ya gazeti, na nyama ya kukausha. Alisema, "Mtoto wangu, ni chakula tu, si biashara." Yule kijana wa duane hakupandisha sauti. Alitoa kila kitu, akakiweka ndani ya pipa, akaandika karatasi. Mama alilia. Nyuma yangu mtu mmoja akasema chini-chini: "Unaona vile wanatuzarau."

Ile neno njo ilinisukuma kuandika. Mimi sikuona zarau pale. Niliona karantini.

Sheria yenyewe ni nyepesi kukumbuka. Tangu mwanzo wa 2020, mmea ao sehemu ya mmea iliyo mbichi ikitoka inje ya Ulaya haiingii Uswisi bila certificat phytosanitaire: matunda, mboga, maua, mbegu za kupanda, vijiti vya kuotesha, hata kilo moja, hata embe moja. Matunda matano tu yameachiliwa: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian (ile ya mwisho sisi hatuna, kwa hiyo hesabu ni ine). Nyama na maziwa kutoka kwetu, hapana kabisa, mbichi ao kavu. Ile cheti kwetu inatolewa na SQAV, service de quarantaine animale et végétale, ya wizara ya kilimo. Si karatasi ya kuzaniwa tu: inatoka ku mapatano ya kimataifa ya kulinda mimea yaliyowekwa 1951 chini ya FAO, na Kongo iko ndani.

Sasa, juu ya nini embe? Wenye kulima ku Likasi wanajua jibu bila kujua jina. Unachuma embe zuri, inje hakuna doa, unapasua, ndani funza. Mara nyingi ni inzi wa matunda, Bactrocera dorsalis, mwenye kutoka Asia. Kwa Afrika alionekana mara ya kwanza Kenya mwaka 2003, halafu ndani ya miaka michache akasambaa karibu bara nzima. Jike anatoboa ganda na kuweka mayai chini yake. Macho ya mtu hayaoni kitu. Funza akikomaa anatoka, anaanguka chini na kugeuka ndani ya udongo. Alivuka bahari namna gani? Inzi hana viza: anasafiri ndani ya matunda, mikononi mwa watu kama yule mama na mimi. Italia wamekwisha kumnasa, na Italia inapakana na Uswisi.

Na wasije wakasema ni juu ya Mwafrika. Mfano mkubwa wa kule ni mdudu asiyetoka kwetu hata kidogo. Kuko mbawakawa mdogo wa kijani na shaba, Popillia japonica, wa Japani. Alifika Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, akaonekana Italia karibu na Milano mwaka 2014, akaingia Ticino kusini mwa Uswisi 2017. Halafu Julai 2023 akapatikana Kloten. Kloten ni wapi? Ni komini ambamo uwanja wa ndege wa Zürich unakaa. Anakula majani ya aina zaidi ya 300 za mimea, mizabibu ndani yake, na watoto wake wanakula mizizi ya majani ya bustani. Serikali ya pale ilikataza watu kumwangia maji majani ya viwanja vyao, juu jike anapenda kuweka mayai ndani ya udongo wenye maji. Waza: mzee wa Kizungu, raia halisi, anakatazwa kumwangia kiwanja chake mwenyewe. Sheria haikuuliza rangi.

Ya nyama ni hadisi ingine. Mama wengi wanasema, "Lakini niliikausha ku moshi, vijidudu vimekufa." Kwa virusi vya peste porcine africaine ile haitoshi; vinaishi miezi ndani ya nyama kavu ao ya chumvi. Ugonjwa huo ulielezwa kwanza Kenya, 1921. Mwaka 2007 ulitokea Georgia, na wataalamu wengi wanafikiri uliingia kwa mabaki ya chakula cha meli yaliyotupwa karibu na bandari, nguruwe wakayala. Kutoka pale ukatembea mpaka Urusi, Ulaya ya mashariki, na China 2018. Wenye kufuga nguruwe kwetu wanajua vile banda zima linaisha juma moja, na hakuna wa kukulipa. Kipande cha nyama ndani ya valizi kinaweza kufanya vile kwa mkulima wa Fribourg.

Kwetu wa Likasi kuko kitu kingine kizito kuliko maembe: udongo.

Mbele ya kuondoka, rafiki mmoja wa promosheni aliniletea sachet ya kilo moja hivi, kutoka shamba la wakubwa wake upande wa Shinkolobwe. Alitaka niipeleke maabara ya kule wapime. Nilimrudishia, na alikasirika. Sababu ya kwanza: udongo wa inchi za inje ya Ulaya unakatazwa kuingia Uswisi. Ndani ya kijiko kimoja munaweza kuwa nematodi, kuvu, na bakteria kama Ralstonia, ile inanyausha nyanya na viazi vyetu asubuhi yangali mabichi. Udongo ni kama valizi ingine ndani ya valizi.

Sababu ya pili ni jina lenyewe. Shinkolobwe! Mwamba wa pale ulivumbuliwa kuwa na urani mwaka 1915. Kwanza walitafuta radium, wakasafisha Olen ku Ubelgiji. Halafu 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, akapeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe yale New York, yakalala ndani ya hangari kule Staten Island mpaka Wamarekani wakayanunua juu ya bomu. Mwaka 2004 mgodi ukafungwa kwa amri ya rais, kisha ukabomoka juu ya wachimbaji, watu wakafa, na wakaaji wa kijiji wakahamishwa. Kwa hiyo mtu akifika duane na sachet yenye kuandikwa "Shinkolobwe", hapo si mambo ya mimea tena, ni sheria za vitu vyenye mionzi. Mimi naona ni kitu cha kuchekesha na cha kuuma pamoja: tani elfu zilivuka bahari bila mtu kuwauliza wenye inchi, na leo kilo moja ya mtoto wa mkulima haiwezi kuvuka. Hata hivyo ile ya zamani njo ilikuwa mbaya, si hii ya leo.

Kama kweli unahitaji udongo upimwe Uswisi, njia iko. Maabara yenyewe ya kule inaomba ruhusa ya pekee kwa serikali yao mbele, inakutumia ile barua, na sampuli inasafiri imefungwa vizuri pamoja na barua. Ruhusa inatangulia, sampuli inafuata, usigeuze. Tena, kile rafiki yangu alitafuta kilikuwa pH na fosfori. Ile haihitaji pasipoti. Aanzie ku fakulte ya agronomia ya UNILU.

Nilipokuwa ndani ya ule mstari niliwaza mipaka yetu. Mwaka 2016 viwavi wa mahindi, ile chenille légionnaire d'automne, waliingia Afrika kutoka Amerika, na nyuma ya mwaka moja hivi walikuwa ndani ya mashamba yetu ya Katanga. Tuseme kweli: kipepeo wake anaruka kilometa mingi usiku moja, hakuna duane ya kumsimamisha. Lakini muhogo hauruki. Mozaiki inatembea na inzi mweupe, ndiyo, lakini mbali sana inatembea na vijiti vya kupanda, vifungo na vifungo juu ya camion. Ni vile na bunchy top ya ndizi, inapanda gari ndani ya machipukizi. Nani anafungua kile kifungo na kugeuza jani? Kuangalia jani la muhogo ni dakika moja, na kila mmoja wetu mwenye licence anaweza kuifanya macho yakiwa na usingizi. Sisi tunalia juu ya embe lililotupwa Genève, na muhogo wa bibi zetu unakufa kwa kukosa mtu wa kutupa kifungo kimoja ku mpaka.

Basi, ukishapita meza, siku inayobakia ni nyepesi. Gare iko palepale ku uwanja wa ndege. Treni mpaka Genève-Cornavin ni dakika saba. Kama umelala hoteli, omba karte ya usafiri: Genève wanaitoa bure kwa siku zote za kulala pale. Pesa ni franka; duka zingine zinakubali euro lakini zinarudisha chenji ya franka. Fiche zetu za mviringo mnene hazingii ndani ya prise zao, zile nyembamba za simu zinaingia. Maji ya fontaine za barabarani yanakunywewa, isipokuwa wameandika kwamba hapana. Ukifika Jumapili, duka karibu zote zimefungwa, nunua ku gare. Na baridi iko, ndiyo, hata mwezi wa tano.

Juu ya ile valizi: unga, karanga za kukaanga, vitu vilivyopikwa ao kusagwa havina ile shida ya mmea mbichi, na kapenta kavu kwa kipimo cha nyumbani inakubaliwa. Vitu vingine vyenye kutoka kwa mnyama vina kanuni yake moja moja, usikisie, tazama orodha ya duane mbele. Ukiwa na mashaka, shika njia nyekundu na useme mwenyewe: mwenye kutangaza anapoteza kitu tu, mwenye kuficha anaweza kulipa faini juu yake. Mama yangu alikuwa ametayarisha sombe mbichi, nilimwelezea jioni nzima kuhusu inzi na funza mpaka akasema, "Sawa papa, beba karanga." Kilo ine za karanga na unga wa bukari zilipita, yule kijana aliangalia akafunga. Sombe tuliinunua kulekule, ya barafu, ku duka la Waafrika ndani ya mtaa wa Pâquis, kwa bei ambayo sikumwambia mama.