Gari la Wanafunzi na Hesabu ya Siku

Kila mwaka, katika nchi nyingi, wanafunzi wa uhandisi hukutanisha magari madogo ya mbio waliyoyabuni na kuyaunda wao wenyewe. Mashindano hayo, yaitwayo Formula SAE, yalianza Marekani mwaka 1981. Ya Uingereza, Formula Student, yakafuata mwaka 1998. Vijana huchora, huchomelea, hutafuta fedha, kisha huketi mbele ya wahandisi wazoefu kueleza kwa nini walichagua hili wakaacha lile. Ni suala hilo la kuchagua tunalotaka kulizungumza leo, madhali nasi visiwani tuna vijana wa ufundi na tuna wakuu wanaopitisha mipango yao.

Katika utaratibu wa kawaida alama zote ni 1,000. Mbio ndefu za kilomita 22 peke yake hubeba 275, na uangalifu wa kutumia nishati, unaopimwa katika mbio hizo hizo, hubeba 100. Gari lisilofika mwisho huzikosa za nishati zote, na katika zile 275 huambulia kidogo mno au patupu. Nusu ya safari dereva hushuka, mwenzake hupanda, na injini iliyozimwa ikiwa moto haina budi kuwaka tena. Hapo ndipo magari mengi ya kupendeza yamekufa, mbele ya waliokesha nayo mwaka mzima.

Sasa tuitazame injini. Wengi huchukua ya pikipiki yenye silinda nne, kwa kuwa ina nguvu. Lakini sheria hulazimisha hewa yote iingiayo katika injini ya petroli ipite kwenye tundu lenye kipenyo kisichozidi milimita 20, na nguvu nyingi hukabwa papo hapo. Wanafunzi wa RMIT, Melbourne, walilipima jambo hilo wakachagua injini ndogo ya silinda moja, yenye nguvu pungufu lakini nyepesi, na gari lote wakalijenga kwa wepesi huo. Mwaka 2006 walikwenda Michigan wakawashinda wenyeji. Huo nao ulikuwa ujasiri, tena mkubwa, ijapokuwa haukuwa na makeke.

Bodi nayo ina hesabu yake. Fremu ya mabomba ya chuma ikikosewa hukatwa na kuchomelewa upya usiku mmoja. Bodi ya nyuzi za kaboni ni nyepesi na imara zaidi, lakini kosa katika kalibu yake hula majuma. Ongeza mabawa ya kukandamiza gari chini, ongeza mota ndani ya kila gurudumu, na kila moja laweza kutetewa kwa hoja nzuri. Kikaoni hakuna kinachovunjika, na kwa hiyo yote hukubaliwa. Mshika mbili moja humponyoka, na hawa aghalabu hushika tano. Kinachoponyoka kwanza ni muda wa majaribio, kwani siku ya mashindano haisogezwi. Mafundi wetu wa ngalawa hawahitaji kuelezwa hili: nani hupandisha tanga jipya kwa mara ya kwanza asubuhi ya resi?

Hatusemi vijana wawe waoga. Wanafunzi wa Zurich, Uswisi, wa timu ya AMZ iliyoanzishwa mwaka 2006, waliunda gari la umeme la kilo 140 hivi, lenye mota nne na kifaa cha kulifyonza chini lisiteleze. Septemba 2023 lilitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde 0.956. Lakini timu hiyo ilikuwa na rekodi ya sekunde 1.785 mwaka 2014, na ya 1.513 mwaka 2016. Wanafunzi huhitimu wakaondoka. Vipimo, michoro na kumbukumbu za makosa hubaki. Waliofanya makubwa mwaka 2023 hawakuanzia sifuri.

Kwa sababu hiyo twawaomba wakuu wa vyuo na wa wizara, vijana watakapowaletea mchoro wa mtambo wowote, liwe gari, mashua au pampu ya maji, wasivutiwe na picha pekee. Wawaulize ni juma gani mtambo utawaka kwa mara ya kwanza, ni majuma mangapi yatabaki ya kuujaribu, na ni nani atakayeyaandika yatakayoharibika ili wa mwakani ayasome. Fedha za mwaka wa pili zitengwe pamoja na za mwaka wa kwanza, maana mara nyingi huisha siku ya uzinduzi. Na ikionekana kwamba majuma ya majaribio hayapo, wapunguziwe mabawa, wasipunguziwe fedha.