"Dunia" katika Majina ya Riwaya Nne: Mwongozo kwa Wasomaji wa Uvira na Bijombo

Utangulizi

Jina la riwaya ndilo sehemu ya kwanza ya kazi kumfikia msomaji, na aghalabu ndilo sehemu ya mwisho kushughulikiwa na wahakiki. Katika fasihi ya Kiswahili yako majina ya riwaya yanayochangia neno moja, na neno "dunia" ni mojawapo. Muhammed Said Abdulla alitoa Duniani Kuna Watu mwaka 1973. Euphrase Kezilahabi akafuata na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Said Ahmed Mohamed akaandika Dunia Mti Mkavu mwaka 1980, kisha akalirudia neno hilo katika Dunia Yao mwaka 2006. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya hizo nne, zikisomwa kwa mfuatano huo, zinajibu swali moja: je, ni dunia inayowatenda watu, au ni watu wanaotendana na kisha kuisingizia dunia?

Swali hilo lina maana ya pekee kwa wanafunzi wanaotoka katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika na katika milima iliyo juu yake. Bijombo ni eneo la nyanda za juu katika teritori ya Uvira, jimbo la Kivu ya Kusini. Wakazi wake wamo Wanyamulenge, Wafuliru, Wavira, Wanyindu na Wabembe. Kila kundi lina lugha yake ya nyumbani, lakini Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani na barabarani. Mapigano yaliyozidi katika nyanda hizo tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 yamechoma vijiji, yamepoteza mifugo na kuwahamisha watu wengi. Katika hali kama hiyo, kauli ya "ndiyo dunia" hutoka kinywani kwa urahisi. Ni kauli ya faraja, lakini ni kauli inayomficha mtendaji.

Neno na usuli wake

"Dunia" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo linahusiana na dhana ya kitu kilicho karibu au kilicho chini. Maisha ya dunia ni maisha ya karibu, yakilinganishwa na ya akhera. Maana hiyo iliingia katika ushairi wa kale wa pwani. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unauonya moyo wa mshairi usiipende dunia, na unatoa magofu ya Pate kuwa ushahidi. Methali nazo zimeshika njia hiyo hiyo. Husemwa kwamba dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na kwamba dunia ni mti mkavu, kiumbe asiuelemee. Katika semi hizo dunia ndiyo mtendaji. Dunia huhadaa, hufunza, huangusha. Binadamu ni mtendwa, na wajibu wake ni kujihadhari.

Neno hili lilifika ziwani pamoja na lugha yenyewe. Njia za misafara ya karne ya 19 ziliunganisha Zanzibar na Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ilipanda kaskazini hadi Uvira, ambako Burton na Speke walifika mwaka 1858. Kiswahili kilichokita mizizi upande wa magharibi wa ziwa kilipata sura yake, kikapunguza upatanisho wa ngeli na kupokea maneno ya Kifaransa. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Hata hivyo, Kifaransa ndicho lugha ya elimu ya juu, na mwanafunzi anaweza kufika chuo kikuu akiwa anazungumza Kiswahili kila siku bila kusoma riwaya hata moja ya Kiswahili. Kwa msomaji huyo, jina lenye neno "dunia" ni mlango usiohitaji kamusi.

Duniani Kuna Watu

Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, ndiye mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, ilimtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Katika riwaya hiyo mauaji yanahusishwa na mahali pa mizimu, lakini akili ya Bwana Msa inafumbua kwamba muuaji ni binadamu.

Duniani Kuna Watu ni miongoni mwa riwaya zilizoendeleza mfululizo huo. Jina lake ni usemi wa mshangao, unaotamkwa mtu anapokutana na hila au tabia asiyoitarajia. Kisarufi, kiambishi -ni kinaigeuza dunia kuwa mahali, na kiima cha methali kinapoteza nafasi yake. Dunia haihadai tena. Ndani yake wamo watu, na hao ndio wa kuchunguzwa. Hatua hii ni ndogo kimaneno, lakini ndiyo msingi wa riwaya yoyote ya upelelezi: tukio lina mtendaji, na mtendaji anaweza kujulikana kwa ushahidi. Mahali ambapo uvumi hutangulia uchunguzi, funzo hilo si la burudani peke yake.

Dunia Uwanja wa Fujo

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, mwaka 1944, na akafariki mwaka 2020. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Kwa sababu hiyo yu karibu na msomaji wa Bijombo kuliko waandishi wa Unguja: naye ni mtu wa ziwani aliyekipokea Kiswahili kuwa lugha ya pili, akakiandika kwa sentensi fupi na nyepesi.

Jina la riwaya limeundwa kwa muundo wa methali: nomino mbili zinawekwa sambamba bila kitenzi "ni". Mhusika mkuu, Tumaini, anarithi mali ya wazazi wake, anaitapanya, kisha anajijenga upya kwa kilimo. Siasa ya ujamaa inapofika kwenye shamba lake, anamuua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kifo. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Riwaya haimtetei Tumaini moja kwa moja, wala haiutukuzi mpango uliomkuta. Inaiona dunia kama uwanja ambamo kila mtu huingia na fujo zake, akaondoka na kuuacha kwa wengine.

Hapa ndipo penye nguvu na udhaifu wa riwaya hii. Nguvu yake ni kumkumbusha msomaji kwamba fujo ina watu wanaoileta. Udhaifu wake ni kwamba, fujo ikiwa ya wote, inakuwa vigumu kupima nani alileta kiasi gani. Wanafunzi wanaojua migogoro ya ardhi wana haki ya kuihoji falsafa hiyo.

Dunia Mti Mkavu

Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Unguja mwaka 1947, alichukua jina lake moja kwa moja kutoka katika methali. Methali inamwonya mtu asiuegemee mti mkavu, kwa sababu utavunjika. Riwaya inaihamisha picha hiyo hadi Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, miongoni mwa wakulima na wafanyakazi waliokuwa chini ya ukoloni na mabwanyenye. Katika mazingira hayo onyo la zamani linabadilika maana. Walionyimwa ardhi na ujira wa haki hawakuuegemea mti wowote. Wao ndio walioegemewa. Ukavu wa mti hautokani na maumbile ya dunia, bali na mfumo wa uchumi wenye wanufaika wanaofahamika. Swali la Kezilahabi kuhusu mtu mmoja linakuwa hapa swali la matabaka. Inafaa riwaya hizi mbili zifundishwe pamoja, kwa kuwa ya pili inaweza kusomwa kama jibu kwa ya kwanza.

Dunia Yao

Miaka 26 baadaye, mwandishi huyo huyo aliliacha umbo la methali na kutumia kimilikishi. Dunia Yao ni riwaya ya kimajaribio iliyo katika mkondo wa uhalisiajabu. Msimulizi wake ana jina lisilokamilika, Ndi-, na masimulizi hayafuati mstari mnyoofu. Miongoni mwa masuala yake ni utandawazi: ulimwengu unaosemwa kuwa wa wote huku wenye kuamua wakiwa mbali.

Kimilikishi "yao" kinahitaji uangalifu. Katika riwaya kinawaelekea wenye mamlaka na mali. Katika mazungumzo ya watu waliogawanywa na vita, kinaweza kumwelekea jirani: milima yao, malisho yao, nchi yao. Mwalimu anayeifundisha kazi hii Uvira hawezi kulikwepa suala hilo. Afadhali awaombe wanafunzi watafute, aya kwa aya, ni nani hasa anayetajwa kwa neno "yao", kuliko kuliacha neno lijazwe na chuki ambayo kitabu hakikuileta.

Hitimisho

Kwa msomaji anayeanza, mfuatano wa miaka ni mfuatano mzuri pia wa ugumu. Duniani Kuna Watu inamvuta kwa fumbo, ijapokuwa misemo ya Kiunguja itamtaka msaada. Dunia Uwanja wa Fujo ina lugha nyepesi na hoja nzito. Dunia Mti Mkavu inadai ujuzi wa historia ya Zanzibar. Dunia Yao isubiri hadi msomaji awe na uzoefu wa riwaya. Kila hatua inamsogeza mtendaji: kutoka kwa mtu mwenye siri, hadi mtu mwenye fujo, hadi tabaka, hadi mamlaka yaliyo mbali. Katika hatua zote nne, dunia yenyewe haipatikani na hatia.

Kiswahili cha Bijombo ni cha Mnyamulenge, cha Mfuliru, cha Mvira, cha Mnyindu na cha Mbembe kwa kiwango kilekile. Darasa moja linaweza kuzisoma riwaya hizi pamoja kwa lugha isiyo milki ya upande mmoja, na kuuliza bila woga nani alifanya nini. Kauli ya "ndiyo dunia" itaendelea kuwafariji waliofiwa, na hakuna sababu ya kuwanyang'anya. Lakini palipo na kijiji kilichochomwa, swali la Bwana Msa linabaki mahali pake.