Khabari za Siyu Vinywani mwa Wenyewe

Msafiri aendaye Siyu kwa mashua, katika kisiwa cha Pate, hana budi kuyangoja maji yajae, kwa kuwa mkono wa bahari uingiao mjini umebanwa na mikoko pande zote mbili, na maji yakipwa hubaki tope tupu. Akishuka hulakiwa na ngome ya mawe, na nyuma yake minazi, nyumba za kijiji na magofu. Na kama hakuambiwa, hatadhani kwamba mwaka 1606 padri wa Kireno, Gaspar de São Bernardino, alipopita kisiwani aliuhesabu mji huu kuwa mkubwa kuliko yote ya Pate, wala kwamba katika karne ya 18 na ya 19 humu mlikuwa na makatibu walionakili masahafu na kuyatia nakshi za rangi, waseremala wa milango, masonara, na mafundi wa ngozi ambao viatu vyao vilitafutwa na waungwana wa miji mingine.

Kisiwa hiki kimekwisha kuonja hasara ya kuiachia karatasi amana yote. Kitabu cha tarihi ya masultani wa Pate, kama isemwavyo, kilipotea mwaka 1890 Waingereza walipoupiga mji wa Witu. Na lau si Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Nabhani aliyezihifadhi khabari zile moyoni na kuwasimulia waliotaka kuziandika, akiwamo Mwingereza Stigand aliyezitoa katika kitabu chake cha mwaka 1913, silsila ya wafalme wale ingalikatika. Kadhalika Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka aliyeutawala Siyu na kukataa kumtii Sayyid Said, sultani wa Unguja: utendi aliomtungia bintiye karibu mwaka 1858 wajulikana pwani nzima, lakini machache tuyajuayo juu ya maisha yake yalitoka kinywani mwa binti huyo huyo, Mwana Hashima, alipokwisha kuwa ajuza. Binti aliyeusiwa ndiye aliyemkumbuka aliyemuusia.

Naitaja khabari hii kwa kusudi, maana wengi wetu tukichukua chombo cha kunasia sauti huenda moja kwa moja barazani kwa wazee wanaume, tukauliza vita na masheikh, tukajibiwa vita na masheikh, tukarudi tumeridhika. Khabari za chakula kilicholiwa mwaka wa njaa, za mtoto aliyezaliwa jahazi likiwa safarini, za nani alimlea yatima wa nani na kwa sababu gani nyumba mbili jirani haziozani, hizo zimo uani, na mlango wa uani haufunguliwi kwa haraka. Hupigwa hodi kwa kupitia jamaa, huulizwa hali ya kila aliye hai na kuombewa kila aliyekufa, hukaribishwa tambuu, kisha labda siku ya tatu ndipo mwenye nyumba aseme, "Haya mwanangu, uliza."

Niliwahi kuketi hivyo na bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka. Miaka ya tarakimu hakuwa nayo; alikuwa na kusi lililovunja jahazi la mumewe, na kila jambo alilipima kwa kuwa kabla yake au baada yake. Nilipoisikiliza tena sauti ile usiku, nilisikia chini ya maneno yake mchakacho wa ukindu, ukienda sawasawa kama pumzi, mpaka alipofika kwenye kusi lile: hapo maneno yanaendelea, lakini ukindu umenyamaza. Katika maandishi hapana herufi iwezayo kuionyesha hali hiyo, nami tangu siku hiyo siamini kwamba kuandika maneno ya mtu kunatosha, maadamu twaweza kuihifadhi sauti yenyewe.

Lugha nayo ina haki yake. Kijana aliyenisaidia kunakili aliandika "njia ya kisimani", akamsomea bibi, bibi akatikisa kichwa, akasema, "Ndia." Kijana akasema maana ni moja. Maana ni moja kweli, lakini watu waliokwenda kisimani hapo walikwenda kwa ndia, na anayewasahihisha kwa lugha ya shule amewahamisha mjini mwao bila ruhusa. Na zikitofautiana riwaya, zote ziandikwe: wako wasemao ngome ile aliijenga Bwana Mataka, na wako wasemao ni kazi ya Waarabu wa Unguja, na kila upande una hoja zake na fahari yake. Mwenye kuchagua mmoja kwa ajili ya wasomaji na kuuacha wa pili atakuwa amewapa gofu lililosafishwa.

Jambo liniumizalo zaidi ni sauti zilizochukuliwa zisirudi. Wazee walihojiwa, wakafurahi, wakaaga dunia, na wajukuu zao leo hawajui maneno yale yamewekwa kabati gani ya mji gani. Iwapo khabari ni mali, basi mwenye mali ajulikana; nakala ya kwanza haina budi kukaa kijijini, madrasani au nyumbani kwa mtu mwaminifu, pahala ambapo mtoto aweza kuingia akasema nataka kumsikia nyanya yangu.

Kwa hiyo nilirudi kwa bibi yule na sauti yake. Mabinti na wajukuu wakaketi mkekani, wengine wakiwa hawajapata kuisikia khabari ya jahazi kwa ukamilifu, kwa kuwa hawakuwa wamethubutu kuuliza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono mitupu magotini, mpaka yalipofika majina ya mabaharia waliokuwamo, akainua kidole. "Simamisha hapo. Nimemsahau mmoja." Nikakifungua chombo upya, naye akalitaja jina, na la babake, na la mtaa wake.